Kubeba na Kutua Mzigo: Polima Asilia katika Usafirishaji wa Jeni

1.0 Utangulizi

Mwaka 2004, wakazi wa Makueni, Kitui, Machakos na Thika walikula mahindi yaliyoota kuvu kwa kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuvu hiyo ilitoa aflatoksini, yaani sumukuvu. Kufikia Julai, wagonjwa 317 walikuwa wamerekodiwa, na 125 kati yao wakafariki. Aidha, sumu hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kuharibu jeni iitwayo p53, ambayo huzuia seli kuzaana ovyo. Seli za ini zikimkosa mlinzi huyo, saratani huweza kuzuka. Je, jeni nzima yaweza kupelekwa katika seli hizo ili ishike nafasi ya iliyoharibika? Makala haya yanafafanua ugumu wa safari hiyo.

2.0 Haja ya Kibebaji

DNA tupu ikitiwa mwilini hukatwakatwa na vimeng'enya. Isitoshe, ina chaji hasi sawa na utando wa seli, hivyo husukumana nao. Ndipo wataalamu walipotumia virusi vilivyopokonywa uwezo wa kuzaana, kwani virusi ni hodari wa kupenya. Hata hivyo, Septemba 1999, huko Philadelphia, Marekani, Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 aliyekuwa na maradhi ya ini, alifariki baada ya kinga ya mwili wake kuchachamaa dhidi ya kibebaji cha aina hiyo.

3.0 Kitosani

Polima asilia zilitazamwa kama njia ya upole zaidi. Mojawapo ni kitosani, itokanayo na magamba ya kamba wa baharini na kaa. Katika asidi hafifu, kitosani hupata chaji chanya, ikashikamana na DNA na kuikunja kuwa chembe za nanomita mia moja au mia mbili hivi. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Seli humeza chembe hizo. Mwaka 1999, watafiti nchini Marekani waliwalisha panya chembe za kitosani zenye jeni ya protini ya karanga, nao wakapata kinga dhidi ya mzio wa karanga. Ili chembe zilenge ini, kitosani huunganishwa na sukari ya galaktosi, ambayo seli za ini zina vipokezi vyake.

Kasoro zipo. Kitosani ikiikaza DNA mno, jeni haifunguki. Ikilegea, mzigo humwagika njiani. Katika damu, isiyo na asidi, chaji yake hupungua na chembe hugandamana.

4.0 Hitimisho

Ni dhahiri kuwa istilahi "kibebaji" inataja nusu tu ya kazi: chombo hicho sharti kijue pia kutua mzigo. Hadi hilo litimie, kinga ya mkulima wa Machakos ingali ghalani: kuyakausha mahindi hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 na kutoyaweka sakafuni.