Aliondoka Kijana, Akarudi Kuzuru Kaburi

Ndugu msomaji, wewe uliyepanda basi siku moja kutoka kwenu, mkobani una chapati za mama na nauli iliyohesabiwa mara tatu, ukaja mjini kutafuta kazi, bila shaka uliulizwa swali ambalo wazee hawaachi kuliuliza: "Utarudi lini?" Nawe ulijibu kama tunavyojibu sote, kwamba hutakawia. Makala haya yanamhusu kijana aliyeondoka kwao kwa safari ambayo ingeweza kumalizika kwa mwaka mmoja au miwili, akarudi baada ya miaka 24.

Kijana huyo ni Ibn Battuta. Wengi wetu tulikutana naye shuleni, katika somo la historia, kwa sababu ya kurasa chache anazosimulia habari za pwani yetu. Mwalimu aliandika ubaoni "Kilwa, 1331", nasi tukanakili madaftarini, mtihani ukaja ukapita. Nilipokisoma tena kitabu chake ukubwani niliona kwamba wakati ule tulihesabu miji tu. Safari hii nilihesabu watu aliowaacha nyumbani.

Alizaliwa Tangier, katika nchi ya Moroko, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi. Mwezi Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliondoka peke yake kwenda kuhiji Makka. Hakuwa na mwenzi wa kuongea naye njiani wala msafara wa kuungana nao. Baba na mama walikuwa hai wote wawili, naye anakiri kwamba kutengana kuliwaumiza wao na yeye pia. Njiani homa ilimpata, akajifunga kwa kilemba juu ya tandiko ili asianguke kutoka mgongoni mwa mnyama. Msafara ulipoingia Tunis, wenyeji walitoka kuwalaki jamaa zao, huyu akimkumbatia huyu na yule akimsalimu yule. Hakuna aliyemsalimu Ibn Battuta, kwa maana hapakuwa na mtu aliyemjua. Machozi yalimtoka mbele ya watu, mpaka msafiri mmoja alipomwona akaja kumwamkia na kumliwaza. Yeyote aliyewahi kushuka kituoni katika mji mgeni, akatazama wenzake wakipokelewa mizigo, ataelewa mara moja.

Lakini ujana hauchelewi kupoa. Kabla hajafika Misri alikuwa amekwisha oa, akagombana na mkwewe, akaacha, akaoa tena, na akawazuia wasafiri wenzake siku nzima kwa ajili ya karamu ya harusi. Huko Iskanderia, sheikh mmoja mchaji Mungu alitambua kwamba kijana huyu anapenda kutembea, akamwomba awafikishie salamu ndugu zake watatu: mmoja yuko India, mmoja Sindh, na mwingine China. Ibn Battuta anasema kwamba wazo la kufika nchi hizo halikuwa limemwingia kichwani kabla ya hapo. Hatimaye aliwaona wote watatu na salamu akazifikisha. Mara nyingi nimejiuliza kama yupo aliyempa salamu za kupeleka Tangier.

Mwaka 1326 alifika Dameski. Alikaa muda mfupi, akaoa mwanamke ambaye asili ya jamaa zake ilikuwa Moroko, kisha akafuatana na msafara wa mahujaji kwenda Makka. Mkewe alibaki Dameski akiwa mja mzito. Tumweke hapo mama huyo, ndugu msomaji, tutamrudia.

Baada ya kuhiji angeweza kurudi kwao. Badala yake alizunguka Iraki na Uajemi, akarudi Makka akakaa, kisha akashuka Yemen na kupanda jahazi la kuja upande wetu. Zeila hakuipenda hata kidogo kwa uvundo wa samaki na damu ya ngamia waliochinjwa njiani. Alilala chomboni ijapokuwa bahari ilichafuka. Mogadishu alilishwa wali wa samli na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Mombasa aliona watu wakitembea miguu mitupu, na misikiti ya mbao yenye visima mlangoni na upawa wa mti wa kutekea maji, ili kila aingiaye aoshe miguu kwanza. Nchi hii aliiita Sawahil, neno la Kiarabu lenye maana ya pwani nyingi, ambalo ndilo shina la jina la lugha unayoisoma sasa hivi.

Kilwa aliuona kuwa miongoni mwa miji mizuri. Mtawala wake alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Baba wa Zawadi, ambaye hunasibishwa na jumba la Husuni Kubwa ambalo magofu yake bado yanaitazama bahari. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, maskini mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia ndani, akavua, akampa. Mwanawe alizikomboa nguo zile kwa kumpa yule maskini watumwa kumi. Na baba alipoona jinsi watu walivyosifu jambo hilo, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Msimulizi analeta kisa hiki ili tuustaajabie ukarimu. Mimi nimekwama kwa wale watu ishirini. Sultani huyo alikuwa akifanya vita vya mara kwa mara na watu wa bara, na mateka walikuwa sehemu ya utajiri wake. Nao walikuwa na mama zao, nao walikuwa wanaanza safari ndefu, ila hakuna aliyewauliza watarudi lini. Hapana budi tuseme kweli kwamba Ibn Battuta mwenyewe aliwanunua na kuwauza watu, na kwamba hakuna ukurasa mmoja wa kitabu chake unaoonyesha kuwa jambo hilo lilimnyima usingizi.

Kutoka pwani yetu alirudi Uarabuni, akapita nchi ambayo leo ni Uturuki, akavuka Bahari Nyeusi mpaka Crimea. Huko Kaffa alisikia kengele za kanisa zikilia kila upande kwa mara ya kwanza maishani mwake, akafadhaika, akawahimiza wenzake wapande mnarani wasome Kurani kwa sauti. Katika nyika za kaskazini alipokewa na Uzbek Khan, mfalme wa Kitatari aliyehama na mji mzima juu ya magari ya kukokotwa. Mmoja wa wake wa Khan alikuwa binti wa mfalme wa Constantinople, mji uitwao leo Istanbul. Bibi huyo alipata ruhusa ya kwenda kujifungulia kwa baba yake, na Ibn Battuta akaomba kufuatana naye. Hivyo ndivyo mtoto wa kadhi wa Tangier alivyoingia katika mji mkuu wa Wakristo wa mashariki, akaulizwa na mfalme habari za Yerusalemu kwa njia ya mkalimani Myahudi, akavishwa joho la heshima na kutembezwa mjini kwa matarumbeta. Hagia Sophia aliiona kwa nje tu, kwani kila aliyeingia alitakiwa kuusujudia msalaba.

Yule bibi, alipokwisha kuwaona wazazi wake, alikataa kurudi kwa mumewe. Ibn Battuta anaeleza habari hii kwa maneno machache, kisha anageukia baridi aliyokutana nayo katika safari ya kurudi nyikani. Alivaa makoti matatu ya manyoya na suruali mbili, na viatu vya tabaka tatu, cha juu kikiwa cha ngozi ya farasi chenye bitana ya ngozi ya dubu. Maji ya kutawadha yaliganda ndevuni, na alipozitikisa yakadondoka kama theluji. Kwa uzito wa mavazi hakuweza kumpanda farasi mpaka wenzake wambebe. Nimecheka niliposoma hayo, nikikumbuka kwamba miaka michache tu nyuma alikuwa Mombasa akiosha miguu kisimani.

Septemba 1333 alifika mto Indus. Huko Delhi, Sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka, naye akaishi kitajiri hata akajikuta ana deni la dinari 55,000. Binti yake mchanga alifariki huko. Ni huko India pia alikopata habari kwamba yule mke wa Dameski alijifungua mtoto wa kiume. Alimpelekea babu wa mtoto, mzaa mama, dinari 40 za dhahabu. Sitaki kumhukumu, wapo kati yetu wasiopeleka hata hizo.

Baada ya miaka kadhaa Sultani alimtuma kuwa balozi kwenda China. Bandarini Calicut alibaki nchi kavu kwa ajili ya sala ya Ijumaa, na dhoruba ikaivunja merikebu iliyobeba zawadi za Sultani. Chombo kingine, kilichobeba mali yake na mjakazi wake aliyekuwa mja mzito kwa mimba yake, kilitweka matanga kikaondoka bila yeye. Alibaki ufukoni na dinari kumi na busati la kulalia. Baadaye aliletewa habari kwamba mjakazi yule amefariki.

Katika visiwa vya Maldives alifanywa kadhi tena, akaoa wake kadhaa, akaondoka baada ya kukosana na wakubwa. Alirudi mara moja kumtazama mwanawe aliyezaliwa nyuma yake, mtoto wa miaka miwili hivi. Alikusudia kumchukua. Mama mtu alipeleka malalamiko kwa waziri, naye Ibn Battuta, alipomwona mtoto kati ya jamaa zake, akaona ni heri abaki. Katika kitabu chote sikuona mahali pengine alipoamua jambo la nyumbani kwa busara kama hapo.

China aliisifu kwa amani ya barabara zake na kwa vyombo vyake vya udongo, lakini anasema alijisikia mzito moyoni, akawa hatoki nje ila kwa haja. Katika mji mmoja wa kusini alitembelewa na mtu tajiri aliyemtazama kwa muda mrefu kama amfahamuye. Walipoulizana walikotoka, mgeni akasema ni mtu wa Ceuta. Ceuta na Tangier ni majirani, mwendo wa siku chache tu kwa miguu. Yule mtu alilia, na Ibn Battuta akalia pamoja naye. Walikuwa mwisho wa dunia ijulikanayo.

Hapo ndipo alipogeuka. Mwaka 1348, baada ya zaidi ya miaka ishirini, aliingia tena Dameski na kwenda msikitini kuuliza habari za mwanawe. Imamu aliyemkuta alimjibu kwamba mtoto alifariki miaka 12 iliyopita. Akamwambia pia kwamba katika chuo kimoja mjini humo yuko mwanachuoni kutoka Tangier. Ibn Battuta akaenda kumwuliza habari za nyumbani. Baba yako, akaambiwa, alifariki miaka 15 iliyopita; mama yako yu hai.

Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Baba alizikwa karibu wakati ule ule mwanawe alipokuwa akivuka Indus na kujiandaa kwa zawadi za Sultani wa Delhi. Mtoto alizikwa wakati baba yake akiwa kadhi mwenye deni la makumi ya maelfu.

Tungetazamia kwamba kuanzia hapo angekwenda kwao mbio. Lakini mwaka huo tauni ilikuwa imeingia Shamu. Dameski watu wote walifunga siku tatu, kisha wakatoka pamoja miguu mitupu, Waislamu na Kurani, Wayahudi na Taurati, Wakristo na Injili, wanawake na watoto wakilia. Ugonjwa huo huo ulikuwa ukivuka bahari kuelekea magharibi katika majahazi, mbele yake. Yeye alipita Misri, akahiji mara nyingine, akarudi Tunis, akapanda chombo cha watu wa Catalonia kilichotia nanga kisiwani Sardinia, ndipo akakanyaga tena nchi za Magharibi.

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa asiyejua mambo ya vyombo, ngama ni pale chini ndani ya jahazi maji yanapojikusanya, na hapana baharia asiyefika huko siku moja kuyafua. Ibn Battuta aliifikia ngama yake katika mji wa Taza, ndani ya Moroko, zikiwa zimebaki siku chache za safari. Hapo aliambiwa kwamba mama yake amekufa kwa tauni.

Novemba 1349 aliingia Fez akamsalimu Sultani wa nchi yake, na anaujaza ukurasa baada ya ukurasa kwa sifa za mfalme huyo na unafuu wa bei za vyakula nyumbani. Mwaka 1355 kitabu chake kilikamilika, kikiandikwa na mwandishi wa Sultani kwa masimulizi yake. Watawala, mashekhe na mawaziri wamo humo kwa majina na lakabu zao. Mama yake amepewa maneno machache tu: kwamba alikwenda Tangier kulizuru kaburi lake. Hatuambiwi jina lake, wala aliyemuuguza, wala kama ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu aliyemtambua mgeni huyu wa miaka 45 aliyesimama mlangoni.

Kutoka kaburini alikwenda Ceuta, akaugua huko miezi mitatu. Alipopona alipanda chombo akavuka kwenda Hispania.