Nyanya Ikisinzia Mchana, Usikimbilie Ndoo ya Maji

Maswali ya nyanya za nyumbani yamekuwa mengi siku hizi, na wengi mnaniuliza kama mnaona aibu kidogo: "Bwana shamba, ni mashina 20 tu ya nyuma ya nyumba." Msione aibu. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari moja inabeba karibu mashina 9,000. Kosa linaloua mashina yako 20 hapo nyumbani ndilo hilo hilo litakaloua 9,000 kule ulikokodi, tena kule umeshaweka na hela ya watu.

Leo nawaeleza kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, nimepanga nyumba nje kidogo ya mji wa Morogoro, nyuma kuna kaeneo kazuri karibu na bomba. Nikatengeneza kitalu, nikasia Tanya, ile yenye ganda gumu. Miche ikatoka mingi na mizuri kuliko nilivyohitaji. Nikapanda mashina 24 hapo hapo, iliyobaki akaichukua dada mmoja jirani aliyekuwa na robo eka bondeni. Alinilipa, ingawa hela yenyewe ilikuwa ndogo. Hela kubwa, ya mbolea na ya vibarua, aliikopa kwenye kikoba chao.

Wiki ya saba hivi, maua yamejaa, nikaona mashina mawili yamelegea saa saba mchana. Majani ni ya kijani kabisa, hayana doa. Jioni yakasimama. Nikajisemea ni jua, nikaongeza maji. Kesho yake yakalegea tena, na la tatu likafuata. Na jirani naye akaja: "Bwana shamba, mbona nyanya zangu zinasinzia?" Nikamjibu bila hata kwenda kuziona: "Ongeza maji dada, joto limezidi."

Akaongeza. Anamwagilia kwa mfereji, maji yanaingia juu yanatokea chini, yanapita kila shina. Ndani ya wiki mbili mistari mizima ilikuwa imekufa ikiwa bado kijani, matunda yananing'inia madogo kama ndimu.

Ule ulikuwa mnyauko bakteria. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo kwa miaka, vinaingia kupitia mizizi na kuziba njia za maji ndani ya shina. Mmea unakufa kiu huku umesimama kwenye tope. Maji niliyomwambia aongeze ndiyo yaliyovibeba kutoka shina moja hadi jingine. Mimi kule nyumbani nilikuwa nimepogolea machipukizi yote kwa kisu kimoja, nikitoka shina hili naingia lile, nikaisambaza kwa mkono wangu. Baadaye ndipo nikamuuliza mwenye nyumba mpangaji aliyepita alikuwa analima nini pale. Kumbe alikuwa na nyanya chungu, zikanyauka akaziacha. Ningemuuliza kabla ya kusia mbegu, nisingeweka kitalu pale.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kipimo chake tulifundishwa chuoni, hakina gharama hata shilingi. Chukua shina lililonyauka ila halijakauka. Kata kipande cha urefu wa kidole karibu na ardhi. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa iguse maji, halafu tulia, usitikise. Ukiona ndani ya dakika chache vinashuka vijiuzi vyeupe kama maziwa, ni bakteria. Vijiuzi visipotoka, angalia mengine. Majani ya chini yakianza kuwa ya njano, mara nyingi upande mmoja, na ukipasua shina ndani kuna kahawia, shuku mnyauko wa fusari, ambao ni ukungu. Ng'oa na mizizi uitazame, ikiwa na vinundu vinundu basi ni minyoo fundo. Na kama ni kiu kweli, mmea ukinyweshwa unasimama na kesho hausinzii tena. Glasi moja tu ya maji, na mimi nilikuwa nazo sita kabatini.

Sasa ukishathibitisha, usiende duka la pembejeo kuuliza dawa. Hakuna dawa ya kuponya shina lililougua, na atakayekuuzia anakula hela yako tu. Ng'oa shina lote na udongo unaoshikana na mizizi, tia kwenye mfuko, kachome au kafukie mbali na njia ya maji. Usilitupe kwenye mboji. Kisu kisafishe kwa jiki iliyochanganywa na maji kila ukitoka shina moja. Jembe na viatu navyo vioshe. Sehemu hiyo usirudishe nyanya, nyanya chungu, bilinganya, hoho wala viazi mviringo kwa miaka mitatu au zaidi. Hata mnavu unaojiotea ung'oe, ni ukoo mmoja. Panda mahindi, vitunguu au kabichi.

Nyumbani kwenye nafasi finyu hapo ndipo mtu anakwama, maana hana pa kuhamia. Mimi nilihamia kwenye viroba na ndoo kuukuu za lita 20, nimezitoboa chini. Udongo nachukua palipokaa mahindi misimu kadhaa, sehemu tatu, na samadi iliyoiva sehemu moja. Ndoo zinakaa juu ya matofali ili maji ya ardhini yasiingie. Shina moja kila ndoo. Likiugua moja, linaondoka na ndoo yake. Na miche nakuzia kwenye trei, siigusishi na udongo wa chini mpaka ifike majani manne au matano.

Mengine mnayajua, nayapitia haraka. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, siyo juu ya majani, maana majani yaliyolowa usiku ni karamu ya bakajani. Simika miti mapema, mizizi isije ikakatika. Weka matandazo. Maji yaende kwa kipimo kimoja kila siku, ukikausha halafu ukamwaga mengi utaona matunda yanaoza kitako, na watu watakuuzia dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Kanitangaze wachunguze kwenye majani kila siku mbili, ukiona njia nyeupe za viwavi ondoa jani hilo mapema. Ukipuliza dawa, heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko, hizo nyanya ni za wanao.

Jirani yangu nilimrudishia hela yote ya miche. Ya kikoba sikuwa na uwezo nayo, aliilipa mwenyewe kwa kuuza mbuzi wawili, na kwa muda mrefu tulikuwa tunasalimiana tu. Ile robo eka akaweka mahindi, kisha vitunguu, mahindi tena. Mwaka wa nne aliniita shambani kwake kabla ya kupanda. Hakuniuliza kitu. Nilikuta ameshapanda mashina sita ya nyanya peke yake, yametawanyika kila kona, yana wiki nane na yamesimama vizuri saa saba mchana. Pembeni kwenye kivuli aliweka glasi na kisu, endapo.