Tadbiri ya Uzee kwa Aliyepata Hasara

Kijana wa miaka 25 akipata hasara, watu humpa pole na kumwambia kwamba dunia bado ingali yake. Lakini anayepunguzwa kazini akiwa na miaka 46, au duka lake likafungwa kwa deni, au ndoa aliyoitumikia ujana wake wote ikavunjika, au maradhi ya mzazi yakamaliza kila alichokiweka, huyo hukaa kimya na fikira zake usiku, akihesabu miaka iliyosalia na kuiona haitoshi. Nataka kumweleza mtu wa namna hiyo, hususan aliyeko Tanzania Bara, kwamba miaka hiyo aghalabu hutosha kwa jambo moja kubwa, nalo ni kujipatia pato dogo lisilokatika mpaka mwisho wa umri. Na kwamba linalomwangamiza mara ya pili ni ile haraka ya kutaka kuyarudisha kwa mwaka mmoja yale aliyoyachuma kwa miaka kumi.

Kwanza na atazame kile ambacho hakikupotea. Wengi walioachishwa kazi zamani husahau kwamba michango yao ya hifadhi ya jamii, maadamu hawakuichukua, ingali imeandikwa kwa majina yao. Katika mifuko yetu miwili, yaani NSSF kwa sekta binafsi na waliojiajiri, na PSSSF kwa watumishi wa umma, uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganishwa PSPF, LAPF, GEPF na PPF, mtu hustahiki pensheni ya uzeeni akiwa amechangia miezi isiyopungua 180, na amefikia miaka 55 ya kustaafu kwa hiari au 60 ya kustaafu kwa lazima. Miezi hiyo si sharti ifuatane, wala si sharti itoke kwa mwajiri mmoja.

Tumchukue mathalani mama aliyetimiza miaka 48, ambaye alifanya kazi katika kiwanda cha nguo akachangiwa miezi 100, kisha kiwanda kikafungwa, naye akaingia katika ushonaji, cherehani yake ikiwa barazani kwa nyumba ya kupanga. Akijiandikisha NSSF kama mwanachama aliyejiajiri, akachangia pasi na kukatiza, miezi 80 iliyobaki ni miaka sita na miezi minane. Ataitimiza miezi minne kabla ya kufikia 55. Yule aliyekwisha kuichukua michango yake yote baada ya kuacha kazi huanza upya, na akiianza safari hiyo katika umri wa miaka 48 hawezi kuzifikisha 180 kabla ya 60. Huyo hulipwa malipo ya mkupuo badala ya pensheni, na ndiyo maana nasema kwa msisitizo kwamba asiyeichukua bado asiiguse.

Hata hivyo, insafu inataka ielezwe pensheni hiyo ina ukubwa gani. Kikokotoo kilichoanza kutumika Julai 2022, ambacho kimezusha manung'uniko mengi, humpa mstaafu sehemu moja ya 580 ya wastani wa mishahara yake mikubwa ya miaka mitatu kwa kila mwezi aliochangia. Miezi 180, basi, huzaa takriban asilimia 31 ya wastani huo, na miezi 300 huzaa kama asilimia 52, na hapo bado haijatolewa ile sehemu inayolipwa kwa mkupuo siku ya kustaafu. Fedha hiyo itanunua unga na mafuta ya taa; haitasomesha mjukuu. Kwa hiyo kila mwezi unaoongezwa juu ya 180 una thamani yake, na nje ya pensheni pawepo pato jingine.

Karatasi ya kwanza ya kutafutwa ni taarifa ya michango. Ikae mezani, isomwe mstari kwa mstari, mwezi baada ya mwezi, na kila palipo na pengo paulizwe: je, mwezi huo sikuwa kazini, au mwajiri alinikata mshahara asipeleke? Kukata bila kupeleka ni kosa kisheria, na hati ya zamani ya mshahara iliyokunjwa ndani ya sanduku la nguo ndiyo shahidi atakayemfunga mwajiri huyo. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanajua uzito wa karatasi: Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, mapatano ya nchi tatu ya kugawana mali na madeni yakatiwa saini mwaka 1984, na wale wa Tanzania hawakupatana na Serikali juu ya haki zao mpaka mwaka 2005, ambapo baadhi yao walikwisha fariki na warithi ndio waliosimama foleni na vyeti.

Mwanamke aliyeachwa naye ana lake la kutafuta. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, yaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, iliamua kwamba kazi za nyumbani, kupika, kufua na kulea, huhesabiwa kuwa mchango wa mke katika kuchuma mali hiyo. Kuondoka mikono mitupu kwa ajili ya kulinda heshima, kama wengi wanavyoshauriwa na jamaa, ni kujinyima akiba ya uzee.

Sasa tuje kwenye hatari. Aliyeanguka ndiye anayewindwa zaidi, kwa kuwa ana haja na ana haya. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli za DECI, ambako watu wengi walipanda mbegu ya fedha wakitaraji mavuno maradufu, ilhali mavuno ya mmoja yalikuwa mbegu ya mwenziwe aliyekuja nyuma. Majina yamebadilika tangu hapo, hila haikubadilika. Na mikopo ile iitwayo kausha damu, ambayo marejesho yake hudaiwa kila siku au kila wiki, na imalizwe kabla ya kuweka akiba yoyote, kwani hakuna akiba halali itakayozaa kwa kasi ya riba ile.

Deni likishatoka, zipo njia za polepole zilizo halali. Hati fungani za Serikali, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu, hununuliwa kuanzia shilingi 1,000,000, na riba yake huingia benki kila baada ya miezi sita. Asiyekuwa na milioni moja anaweza kuingia katika mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS, kama ule wa Umoja ulioanza mwaka 2005, kwa fedha kidogo kidogo. VICOBA inafaa kwa mtaji na kwa dharura, lakini sioni kuwa mahali pa kuwekea uzee, kwa sababu fedha zake hugawanywa mwisho wa mzunguko na kuliwa.

Liko pia jambo la watoto, ambalo ni zito kulisema. Mzazi anayeuza kiwanja chake cha mwisho kulipia karo ya shule ya gharama, ilhali iko shule ya kawaida karibu, humwachia mtoto huyohuyo mzigo wa kumlisha yeye kesho. Na aitwe mtoto, aketishwe, aelezwe hali ilivyo; watoto wa miaka kumi na mitano huelewa zaidi ya tunavyowadhania.

Aliyetimiza miaka 48 leo ana miezi 144 kabla ya kufikia 60. Nenda wiki hii katika ofisi ya mfuko wako, na kitambulisho chako na hati zote za mshahara ulizonazo, uombe taarifa ya michango.