Kamusi Inayokumbuka Mfuatano: Kutoka Orodha za Maneno za Masasi na Newala hadi Kompyuta

1.0 Utangulizi

Kila kamusi ni uamuzi kuhusu mfuatano. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya Kiswahili-Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1939, nomino mpishi inaelezwa chini ya kitenzi pika, kwa kuwa mhariri aliyaona maneno hayo kuwa ya ukoo mmoja. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, mpishi ina kidahizo chake katika herufi M. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni mahali pa kuyatafuta.

Ipo hata hivyo aina ya tatu ya mpangilio, ambayo msomaji wa kamusi iliyochapwa huiona kwa nadra. Huo ni mfuatano wa ukusanyaji, yaani lipi lilisemwa kwanza, lipi likafuata, na lipi likaja mwisho. Mada hii inaeleza jinsi kompyuta inavyoweza kuutunza mfuatano huo, na mipaka ya utunzaji wenyewe, kwa kuzingatia eneo ambalo maneno yake yamekusanywa kwa zaidi ya karne moja: Masasi, na Newala iliyoko ukingoni mwa Uwanda wa Juu wa Makonde.

2.0 Wakusanyaji wa Maneno Kusini

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alianzisha Masasi makazi ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Steere alikuwa ameshachapisha makusanyo ya lugha ya Kiyao mwaka 1871, na Chauncy Maples, aliyefanya kazi Masasi na baadaye Newala, alichapisha ya Kimakua mwaka 1879. Vitabu vyote viwili vilibeba jina la makusanyo, wala havikudai kuwa kamusi kamili.

Mwaka 1906 alifika Karl Weule kutoka Leipzig, akapita Masasi, Newala na Mahuta akiwa na fonografu ya kurekodi nyimbo katika silinda za nta. Taarifa ya safari yake ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, mtaalamu wa Kiswahili, na kuchapishwa mwaka 1909. Tofauti ya vyombo hivi viwili inastahili kuangaliwa. Silinda ya nta haina namna ya kupoteza mfuatano, kwa sababu sauti ya pili haisikiki kabla ya ya kwanza. Orodha ya maneno ikishapangwa kialfabeti, mfuatano wa usemi hufutika kabisa.

Hasara yake ni ipi? Ichukuliwe kwamba mtafiti yuko Newala, anamwuliza bibi mmoja majina ya vitu vya nyumbani. Bibi anataja maji, kisha mtungi, kisha bonde. Kwa alfabeti, bonde litatangulia na maana ya mfululizo huo itapotea. Lakini katika uwanda ambao kwa miaka mingi vijiji vilikuwa juu na maji yakichotwa mabondeni, kutoka mtungi kwenda bonde ni hatua moja ya fikra. Mfuatano huo ni ushahidi wa jinsi maana zinavyoshikamana akilini mwa msemaji. Aidha, mtafiti wa toni huhitaji kujua neno lipi lilitamkwa mara baada ya lipi, na kama msemaji alikuwa mwanzoni mwa kikao au amekwisha kuchoka.

3.0 Kamusi Ndani ya Kompyuta

Katika lugha nyingi za programu, kamusi ni muundo wa data unaooanisha ufunguo na thamani. Ufunguo ni kama kidahizo. Thamani ni kama maelezo yake. Kompyuta haipekui kurasa. Huukokotoa ufunguo na kupata namba, iitwayo heshi, nayo namba hiyo huonyesha nafasi ya kuhifadhia. Ndiyo maana neno moja kati ya maelfu hupatikana mara moja.

Gharama ya wepesi huo ilikuwa kupotea kwa mfuatano. Nafasi iliamuliwa na heshi, si na wakati wa kuingizwa. Katika lugha ya Python, kuanzia toleo 3.3 la mwaka 2012, heshi za maneno zilianza kubadilika kila programu inapoanzishwa, ili kuzuia mashambulizi. Hivyo wanafunzi wawili waliotumia faili moja na programu moja waliweza kupata orodha zenye mpangilio tofauti.

Kwa wenye kuhitaji mfuatano, toleo 3.1 la mwaka 2009 lilikuwa limeshaleta muundo uitwao OrderedDict. Huu hufanya kazi zote za kamusi ya kawaida, na pamoja na hayo hufunga maingizo kwa mnyororo: kila ingizo humjua jirani aliyelitangulia na anayelifuata.

Baadaye kamusi ya kawaida yenyewe ilibadilishwa, kufuatia pendekezo la Raymond Hettinger la mwaka 2012. Ndani yake sasa mna sehemu mbili. Ya kwanza ni jedwali dogo la namba. Ya pili ni safu ambamo maingizo hupangwa kadiri yanavyofika. Tuseme heshi ya maji inaelekeza nafasi ya 5 ya jedwali: hapo huandikwa 0, yaani ingizo la kwanza la safu. Mtungi ukielekezwa nafasi ya 2, huandikwa 1. Bonde likielekezwa nafasi ya 7, huandikwa 2. Anayetafuta neno hupitia jedwali. Anayetaka orodha yote huisoma safu tangu mwanzo, na kupata maji, mtungi, bonde. Lengo la awali lilikuwa kubana matumizi ya kumbukumbu, ambayo katika toleo 3.6 la mwaka 2016 yalipungua kwa kati ya asilimia 20 na 25. Utunzaji wa mfuatano ulikuja kama faida ya ziada, na toleo 3.7 la mwaka 2018 likaufanya kuwa kanuni ya lugha.

OrderedDict haikupoteza kazi kwa mabadiliko hayo. Ikilinganisha kamusi mbili za aina yake, huzihesabu kuwa sawa pale tu mfuatano wake unapolingana. Kamusi za kawaida hulinganishwa kwa yaliyomo peke yake. Kwa mtafiti wa vikao viwili vya msemaji mmoja, tofauti hiyo si ndogo.

4.0 Mitego ya Ufunguo

Kukumbuka mfuatano si kukumbuka kila kitu. Mtafiti wa Masasi anaweza kutumia neno mtu kama ufunguo na kuingiza munu ya Kimakonde. Akiingiza baadaye mundu ya Kiyao kwa ufunguo uleule, munu hufutwa. Nafasi hubaki ileile ya kwanza, lakini thamani ni ya mwisho. Msomaji ataona orodha iliyonyooka, bila dalili kwamba neno la Kimakonde liliwahi kuwapo. Akiongeza mutthu ya Kimakua, Kiyao nacho kitatoweka. Kinyume chake, ingizo likiondolewa kisha likarudishwa, huenda mwisho wa safu, kana kwamba lilitajwa mwisho.

Tatizo hili lina historia ndefu katika leksikografia. Wahariri wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu walipokutana na homonimu kama kaa, waliitofautisha kwa namba ndogo juu ya kila kidahizo. Katika kompyuta pia, dawa ni kuukamilisha ufunguo kwa kutaja neno pamoja na lugha, au kuweka chini ya ufunguo mmoja orodha ya majibu yote badala ya jibu moja.

5.0 Hitimisho

Kumbukumbu ya kamusi ni ya programu inayoendesha wakati huo. Data inapohamishwa katika muundo wa JSON, unaotumiwa sana kubadilishana data, kanuni zake zinautambua mkusanyiko wa jozi kuwa usio na mfuatano, na programu inayopokea hailazimiki kuuheshimu. Kwa hiyo mfuatano ambao ni ushahidi haufai kuachwa uwe tabia ya chombo tu. Unapaswa kuandikwa kama data: namba ya kikao, namba ya jibu, lugha na msemaji. Ukiandikwa hivyo, orodha inaweza kupangwa kwa alfabeti kwa ajili ya mchapishaji, kwa mzizi kwa ajili ya mwanasarufi, kisha ikarudishwa katika mpangilio ambao bibi wa Newala aliisema.