Hakimiliki ya Muziki Mtandaoni: Hali ya Watunzi wa Butembo na Beni

Mkataba wa Berne, ambao Kongo imekuwa mwanachama wake tangu 1963, una kanuni moja iliyo rahisi kuitaja na ngumu kuitekeleza: haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi yake, bila ya kusubiri usajili, ada wala muhuri. Mtu anayetunga wimbo mjini Butembo, uwe wa Kinande au wa Kiswahili, ni mwenye wimbo huo tangu anapoutunga. Suala linalochunguzwa katika makala haya linaanzia pale wimbo unapoingia katika mitandao ya kampuni kubwa za Marekani na Ulaya, kwani huko kanuni inayotawala kwa vitendo ni nyingine. Anayesikilizwa kwanza ni aliyetangulia kuandikisha.

Ieleweke kwamba unakili wa nyimbo bila idhini haukuletwa na intaneti. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na Beni, iliyo kilomita zipatazo 50 kaskazini yake, imo katika njia ya kuelekea mpaka wa Uganda. Kanda za kaseti zilinakiliwa na kuuzwa katika miji hiyo kama zilivyonakiliwa kwingineko Afrika ya Mashariki, na baadaye kadi za kumbukumbu za simu zikachukua nafasi yake. Mteja huacha simu yake kibandani ichajiwe, na kwa malipo madogo hutiliwa nyimbo kadhaa. Mtunzi hapati kitu katika biashara hiyo, na hakuna sababu ya kuipamba. Hata hivyo, mwenye kibanda hadai kwamba wimbo ni wake. Jina la mwimbaji hubaki midomoni mwa watu, naye huitwa kwenye arusi na tamasha, ambako hulipwa.

Mtandaoni hata jina linaweza kuhamishwa. Mwaka 2007 YouTube ilianzisha mtambo uitwao Content ID, unaohifadhi alama za sauti za kazi zilizosajiliwa na kuzilinganisha na kila kazi mpya inayopakiwa. Sauti zikifanana, aliyesajili huchagua: kazi hiyo izuiwe, ifuatiliwe tu, au iachwe hewani ili mapato ya matangazo yamwendee yeye. Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 2021, kwa mujibu wa taarifa ya kampuni yenyewe, mtambo huo ulipitisha madai zaidi ya milioni 722. Yaliyopingwa hayakufika asilimia moja. Lakini katika yale yaliyopingwa na kuamuliwa, takriban asilimia 60 yaliamuliwa kwa manufaa ya aliyepakia, si ya aliyedai. Tarakimu hizi mbili zafaa kusomwa pamoja. Uchache wa mapingamizi si lazima uwe ushahidi wa usahihi wa mtambo. Unaweza pia kuwa ushahidi wa unyonge wa wale wasiojua kupinga, au wanaoogopa.

Mlango wa mtambo huo haukufunguliwa kwa kila mtu. Hutumiwa na wenye hazina kubwa za kazi, yaani kampuni za santuri na mawakala wa usambazaji. Mtunzi wa Beni hawezi kuingia ila kwa kupitia kwa wakala, na mawakala wengi wanataka kadi ya benki, hali wakazi wengi wa miji hii hutunza na kutuma fedha zao kwa simu. Njia ya mkato ni kumwomba ndugu aliyeko Kampala au Ulaya afungue akaunti. Ndugu huyo huenda ni mwaminifu kabisa. Pamoja na hayo, machoni pa kampuni mwenye wimbo ni yeye aliyefungua akaunti, na siku wakigombana, mtunzi hana karatasi ya kuonyesha.

Tatizo jingine latokana na midundo. Vijana wengi hupakua mtandaoni mdundo uliokwisha tayarishwa, wakaimba juu yake. Mdundo uleule huuzwa au kutolewa bure kwa mamia ya waimbaji katika nchi mbalimbali. Mmoja wao akisajili wimbo wake katika Content ID, nyimbo za wengine wote huonekana kuwa nakala za wake. Mtambo hausikii maneno ya Kinande; unasikia mdundo. Kwaya nazo hazikusalimika. Tenzi nyingi za zamani, ambazo muda wa hakimiliki yake umekwisha kupita, zimerekodiwa mara nyingi na kampuni za ng'ambo, na kwaya inayoimba utenzi kama huo inaweza kupokea taarifa kwamba imetumia mali ya mtu mwingine.

Udanganyifu wa makusudi nao upo. Mwaka 2021 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki katika jimbo la Arizona watu wawili waliodai umiliki wa nyimbo zaidi ya 50,000, hasa za Kilatini, wakajipatia zaidi ya dola milioni 20 za mirabaha. Hawakutunga hata moja. Walichohitaji ni wakala wa kuwaingiza katika mtambo na orodha ya nyimbo ambazo wenyewe hawakuzisajili.

Ikiwa wimbo umeondolewa kabisa kwa madai rasmi ya hakimiliki, mtunzi anaweza kupeleka kanusho. Utaratibu huu unatokana na sheria ya Marekani ya 1998, inayoikinga kampuni na lawama mradi iondoe kazi inapoarifiwa. Kanusho hudai jina kamili na anwani, ambavyo hupelekwa kwa mdai, na pia kukubali mamlaka ya mahakama ya Marekani. Kwa aliye nje ya nchi hiyo, ni ile ya mahali ilipo kampuni, yaani California. Baada ya hapo husubiriwa siku 10 hadi 14 za kazi. Mtu wa Beni, ambako raia wameuawa kwa makundi tangu Oktoba 2014, ana sababu zake za kusita kumpa mtu asiyemjua anwani yake. Na wimbo wa maombolezo uliotungwa wiki ya mazishi, ukirudishwa baada ya wiki mbili au tatu, umekwisha kupitwa na wakati wake.

Kuhusu malipo, Spotify iliingia Kongo mwezi Novemba 2021. Tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 haulipwi mrabaha wa rekodi. Fedha hugawiwa nyimbo zilizovuka kiwango hicho. Kampuni ilijitetea kwamba fedha hizo zilikuwa senti chache, na mara nyingi hazikumfikia msanii. Utetezi huo una ukweli. Ila kisichomfikia mtu kwa sababu ya taratibu za mawakala hakigeuki kuwa haki ya mwingine, na kiwango kimoja kwa lugha zote huziumiza zaidi lugha zenye wasikilizaji wachache.

Kampuni hujibu kwamba hakuna jeshi la watu linaloweza kukagua kila kinachopakiwa, na kwamba bila wao wimbo wa Butembo usingesikika Dubai. Yote mawili ni kweli. Lakini gharama ya kosa la mtambo huangukia kwa asiyekuwa na wakala, na mfumo huo umeundwa na kampuni yenyewe.

Nchini Kongo chombo chenye dhamana ni SOCODA, iliyoidhinishwa mwaka 2011 kuchukua nafasi ya SONECA. Makao yake yako Kinshasa, na usajili huko haumwingizi mtunzi katika mtambo wa California. Hata hivyo humpa hati yenye tarehe, nayo ina uzito katika mabishano. Vivyo hivyo faili za awali za kurekodia, pamoja na mapatano ya maandishi kati ya mwimbaji, mpiga ala na mwenye studio yanayotaja nani alitunga maneno, nani alitengeneza mdundo na akaunti itakuwa kwa jina la nani. Mapatano ya aina hiyo yangali yakifanywa kwa mdomo, usiku wa kurekodi, kabla jenereta haijazimwa.