Jina la Mungu Ukutani mwa Shule

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo, ukilitazama mara ya kwanza, laonekana dogo: maneno machache yaliyoandikwa katika kibao na kutundikwa ukutani mwa shule. Lakini huko Marekani jambo hili limewapeleka watu mahakamani mara nyingi, na tutajaribu kufahamu sababu yake.

Ukipata kuishika sarafu ya Marekani, itazame vizuri. Utaona maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni "Twamtumaini Mungu." Huo ndio mwito wa taifa la Marekani, yaani maneno mafupi ambayo taifa hujitambulisha kwayo. Wengi hudhani kwamba mwito huo ni wa tangu siku ya uhuru wa nchi hiyo. Sivyo. Maneno hayo yalitiwa katika sarafu kwa mara ya kwanza mwaka 1864, wakati Wamarekani walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, na raia walikuwa wamemwomba waziri wa fedha, Bwana Salmon P. Chase, kwamba fedha ya nchi imtaje Mungu. Yalifanywa kuwa mwito wa taifa kwa sheria mwaka 1956, katika siku za Rais Eisenhower. Wakati huo Marekani ilikuwa katika mashindano makali na Urusi ya Kikomunisti, ambayo serikali yake ilipinga dini, na Wamarekani walitaka kuonyesha kwamba wao ni watu wa namna nyingine.

Sasa tuiangalie Katiba yao. Katika mwaka 1791 Wamarekani waliongeza katika Katiba sheria yenye pande mbili. Upande wa kwanza wasema kwamba Bunge lisitunge sheria ya kuweka dini ya serikali. Upande wa pili wasema kwamba Bunge lisimzuie mtu kuifuata dini yake. Mwaka 1802 Rais Thomas Jefferson aliwaandikia barua Wakristo wa Kibaptisti wa mji wa Danbury, katika jimbo la Connecticut, akasema kwamba sheria hiyo imejenga ukuta baina ya kanisa na serikali.

Yafaa tukumbuke Wabaptisti hao walikuwa watu gani. Hawakuwa watu wasioamini Mungu. Walikuwa waumini hodari, lakini katika jimbo lao kanisa jingine ndilo lililosaidiwa na serikali, na hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1818. Kwa hiyo usidhani kwamba ukuta huo ulitakiwa na wasio na dini peke yao. Waumini wa makanisa madogo waliuhitaji kuliko wengine.

Pengine utauliza, kuna hatari gani dini ya watu wengi ikisomwa shuleni? Sikiliza yaliyotokea katika mji wa Philadelphia mwaka 1844. Katika shule za mji huo watoto walisomewa Biblia ya Kiprotestanti. Wakatoliki waliomba watoto wao waruhusiwe kutumia tafsiri ya kanisa lao. Uvumi ukaenea kwamba wanataka kuiondoa Biblia shuleni kabisa. Watu walikuwa na chuki nyingine pia juu ya wageni waliotoka Ireland, na mambo hayo yalipochanganyika, ghasia zikazuka. Watu wakauawa, nyumba zikateketea, na makanisa mawili ya Kikatoliki yakachomwa moto. Waliopigana walikuwa Wakristo wa pande zote mbili, na neno lililowasha moto lilikuwa ni Biblia ya nani isomwe darasani.

Tuje karibu na siku zetu. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali haina ruhusa ya kutunga sala na kuiweka katika shule zake, hata kama sala hiyo ni fupi na mtoto asiyetaka hashurutishwi kuisema. Mwaka 1963 iliamua vivyo hivyo juu ya kusoma Biblia kama ibada ya kuanzia masomo. Lakini majaji hawakukataza mtoto kuomba kimya kimya kwa nafsi yake, wala mwalimu kufundisha habari za dini kama somo la historia au la vitabu. Walichokataza ni serikali kuwa mwongoza ibada.

Kisha mwaka 1980 ikaja kesi ya jimbo la Kentucky. Jimbo hilo liliagiza kwamba Amri Kumi zitundikwe katika kila darasa. Gharama ilitoka katika michango ya watu, wala haikutoka katika kodi. Hata hivyo majaji watano kati ya tisa walisema sheria hiyo haifai. Walisema kwamba kama karatasi hizo zitakuwa na kazi yoyote, kazi yake itakuwa kuwavuta watoto wazisome, wazitafakari, na pengine wazitii; na hiyo si kazi ya serikali. Tena kuna shida ya Amri zenyewe: Wayahudi, Wakatoliki na Waprotestanti wengi hawazihesabu kwa namna moja. Serikali ikichagua hesabu moja, imekwisha kuchagua upande.

Je, mwito wa taifa nao? Hapo mahakama zimekwenda njia nyingine. Mwaka 1970 mtu mmoja aliishtaki serikali ili mwito huo uondolewe katika fedha. Mahakama ya rufani ilimkatalia, ikasema kwamba maneno hayo ni ya uzalendo na ya desturi, wala hayaweki dini ya serikali. Na mwaka 1984 Jaji William Brennan wa Mahakama Kuu aliandika kwamba maneno ya namna hii huenda yakavumilika, kwa sababu kwa kurudiwarudiwa yamepoteza maana yake ya dini.

Fikiri hapo, ndugu msikilizaji. Mtu anayeyapenda maneno hayo huyapenda kwa kuwa yanamtaja Mungu. Lakini anapokwenda mahakamani kuyatetea, wakili wake hana budi kueleza kwamba ni desturi tu. Hivyo huushinda ukuta wa shule, lakini kwa gharama ya kukubali kwamba jina la Mungu limekuwa kama pambo. Ndiyo maana wako wachungaji wanaopinga vibao hivi, nao hawakosi imani. Wanahofu kwamba jina takatifu litazoeleka kama tangazo la dukani.

Hata hivyo majimbo kadhaa yameutia mwito huo shuleni kwa sheria. Mississippi ilifanya hivyo mwaka 2001, kwa kila darasa, ukumbi na chumba cha kulia. South Dakota ikafuata mwaka 2019, ikataka kibao kisichopungua inchi 12 kwa inchi 12. Mwaka 2021 Texas iliagiza kwamba mtu akiitolea shule kibao chenye mwito huo, shule ikitundike mahali pa kuonekana. Mwaka 2022 raia mmoja wa Texas alipeleka vibao vyenye maneno yaleyale, vingine vikiwa vimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Halmashauri ya shule ikavikataa, ikisema kwamba shule zake zimekwisha kupata vya kutosha. Watetezi wa halmashauri walisema sheria yataka kibao kimoja kwa kila jengo. Wengine waliuliza: kama maneno hayo ni ya raia wote, mbona lugha nyingine yaleta wasiwasi?

Mabishano hayajaisha. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilisema kwamba kesi za namna hii zipimwe kwa kutazama historia na desturi za nchi. Majimbo mengine yakaona kwamba mlango umefunguka. Mwaka 2024 Louisiana ilitunga sheria ya kutundika Amri Kumi katika kila darasa la shule za serikali. Familia kadhaa zikaishtaki, za Kiyahudi, za Kikristo na zisizo na dini, na miongoni mwao walikuwamo wachungaji. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo jaji aliizuia sheria hiyo kwa shule zilizoshtakiwa, na mabishano yakaendelea katika mahakama za juu. Mwaka 2025 Texas na Arkansas zilitunga sheria za namna hiyohiyo, nazo zikapelekwa mahakamani.

Tuwatendee haki wale wanaovitaka vibao. Wao husema kwamba taifa lao lilikua pamoja na imani, kwamba watoto wahitaji mwongozo, na kwamba kuusoma ukuta hakumlazimishi mtu kuamini. Wanaopinga hujibu kwamba sarafu hupita mkononi na kwenda zake, lakini mtoto hulazimishwa na sheria kukaa mbele ya ukuta ule miaka mingi. Naye ni mdogo, na kila kilichotundikwa na mwalimu hukiona kuwa ni agizo. Mtoto wa dini ya wachache hujifunza hapo kwamba shule ina wenyewe, na yeye ni mgeni.

Basi, jambo la kushika leo ni hili. Ukiona jina la Mungu limetundikwa na serikali, usiishie kuuliza kama maneno ni mazuri. Uliza nani ameyatundika, kwa uwezo gani, na mtoto gani hana ruhusa ya kuondoka.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Kwa nini Wabaptisti wa Danbury walikuwa na haja ya ukuta baina ya kanisa na serikali?

2. Kuna tofauti gani kati ya maneno yaliyo katika sarafu na maneno yaleyale yakiwa darasani?

3. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema hakuna dini ya serikali, lakini wimbo wa taifa wamtaja Mungu. Je, kikundi chenu chaona mambo hayo mawili yanapatana? Elezeni sababu zenu.