Utumbo Uliokatwa: Ni Sehemu Gani Imeondoka?

Homa ya matumbo inapotoboa utumbo, mara nyingi hutoboa pale pale: mwishoni mwa utumbo mwembamba, karibu na unapoungana na utumbo mpana. Hapo ndipo vilipojaa vifundo vya kinga ambamo bakteria wa taifodi hujificha. Daktari wa upasuaji akikuta matundu mengi, hukata kipande kizima na kuunganisha ncha mbili. Kidonda hupona, mgonjwa hurudi shambani au dukani, na karatasi za hospitali hupotea.

Kipande hicho, ileamu ya mwisho, kina kazi isiyofanywa na sehemu nyingine yoyote. Vitamini B12 ya nyama, samaki, mayai na maziwa hushikwa na protini inayotengenezwa tumboni, kisha huteremka mita kadhaa bila kufyonzwa mpaka ifike hapo, penye vipokezi vyake. Zikiondoka zaidi ya sentimita 60 hivi, kwa kawaida mtu huhitaji kuongezewa B12 maisha yake yote. Lakini ini huwa na akiba ya miaka kadhaa. Ganzi ya miguu, kuyumba gizani na upungufu wa damu huja wakati upasuaji umeshasahaulika. Akipewa asidi ya foliki peke yake, damu huweza kupanda huku mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika, na pakichelewa, haiponi. Inaniuma, kwa sababu sindano yenyewe ya B12 si ya gharama kubwa. Kila karatasi ya kuruhusiwa ingepaswa kutaja sehemu iliyokatwa na sentimita zilizobaki.

Jejunamu, sehemu ya katikati ya utumbo mwembamba, ikikatwa, mambo huwa mepesi zaidi. Ileamu huichukua kazi yake: vinyuzi vidogo vya kufyonza hurefuka, na mabadiliko hayo huweza kuendelea hadi miaka miwili. Jejunamu haiwezi kuilipa ileamu fadhila hiyo.

Anayeteseka zaidi ni yule aliyebakiwa na chini ya mita moja ya jejunamu, inayomwaga kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Ana kiu kali, na ndugu zake, kwa huruma, humpa maji matupu. Ukuta wa jejunamu hupitisha chumvi kirahisi. Maji yasiyo na chumvi yakifika hapo, sodiamu hutoka kwenye damu kuyafuata, na vyote huishia mfukoni. Kadiri anavyokunywa ndivyo anavyokauka.

Njia ya kumsaidia ilianzia Prague mwaka 1960, mwanasayansi Robert Crane alipoeleza kwamba glukosi na sodiamu huvuka ukuta wa utumbo kwa pamoja. Maji huzifuata. Maarifa hayo ndiyo msingi wa maji ya chumvi na sukari (ORS) yaliyookoa watoto wengi wanaoharisha. Mgonjwa huyu naye huyanywa kidogo kidogo mchana kutwa, huku maji matupu, chai na soda vikipunguzwa. ORS ya kawaida leo ina milimoli 75 za sodiamu kwa lita. Yeye huhitaji kama 90 au zaidi, kwa hiyo kipimo chake cha chumvi hupangwa na daktari.